"Cell": neno moja la Kiingereza, vyumba vingi, na jina la ugonjwa wa mtoto

Leo tuweke pembeni grafu na majedwali, tukae na neno moja tu la Kiingereza. Ni fupi, herufi nne, na kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hapa Tanzania hukutana nalo kwenye Baiolojia hata kabla hajazoea sare mpya: "cell".

Hebu angalia linavyozurura. Mwalimu wa Baiolojia analitumia akichora duara lenye kiini katikati. Polisi analitumia akimfungia mtuhumiwa. Fundi sola analitumia akikuuzia paneli. Mhasibu analitumia akijaza jedwali kwenye kompyuta. Mtaalamu wa mitandao ya simu analitumia akizungumzia minara. Na wasomi wa siasa walioandika kwa Kiingereza kuhusu TANU walilitumia kueleza nyumba kumi kumi.

Sasa waambie wote hao wageukie Kiswahili. Mwalimu atasema seli. Polisi atasema mahabusu, na mtaani tutasema fulani kalala selo. Fundi atasema betri au seli ya sola, mhasibu atasema kisanduku, mtu wa simu atasema mnara, na mzee wa chama atasema shina. Kiingereza kina neno moja, Kiswahili kina nusu dazeni.

Hili si suala la kufurahisha ukumbi tu. Ukifuatilia neno hili hadi mwisho unafika kwenye ugonjwa ambao mzazi anatajiwa jina lake akiwa na mtoto mapajani, na jinsi anavyolisikia jina hilo inaweza kuamua atafanya nini akitoka hapo. Nitakupeleka huko, hadi Mbesa kwetu, wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma. Lakini tuanze mbali.

Mwanzo: stoo ya Mrumi

"Cell" limetoka kwenye Kilatini, "cella". Kwa Warumi cella kilikuwa chumba kidogo, hasa cha kuhifadhia vitu: nafaka, mafuta, mvinyo. Chumba cha ndani ya hekalu kilichokaa sanamu ya mungu nacho kiliitwa cella. Wanaochunguza asili ya maneno wanalirudisha nyuma zaidi, kwenye mzizi wa kale wenye maana ya kufunika au kuficha. Mzizi huohuo umezaa maneno mengine ya Kiingereza unayoyajua: "cellar", yaani stoo ya chini ya nyumba, "conceal", yaani kuficha, hata "hell", yaani jehanamu, mahali palipofichika chini.

Ukristo ulipoenea Ulaya, watawa waliishi katika vijumba au vyumba vidogo, mtu mmoja mmoja, kwa sala. Navyo vikaitwa cella. Kutoka chumba cha mtawa hadi chumba cha mfungwa si mbali: kuta nne, mlango mmoja, mtu mmoja ndani. Tofauti ni nani anashika ufunguo. Selo ya mtaani kwetu imetokea huko.

Na kabla sayansi haijaligusa, Waingereza walikuwa tayari wanalitumia kwa vijumba vya nyuki. Anayerina asali anajua sega lilivyo: vyumba vidogo vimepangwa kwa ustadi, kila kimoja na pembe sita. Kumbuka sega hili, maana litarudi mara mbili.

Mwaka 1665: kizibo chini ya hadubini

Robert Hooke alikuwa Mwingereza wa Royal Society ya London, mtu wa kugusa kila kitu. Mwaka 1665 alichapisha kitabu kiitwacho Micrographia, chenye michoro ya vitu alivyoviona kwa hadubini: kiroboto, jicho la nzi, ncha ya sindano. Kimojawapo kilikuwa kipande chembamba cha gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo.

Aliona vishimo vingi vimepangana, kila kimoja na kuta zake. Vikamkumbusha sega la nyuki, akaviita "cells", vijumba. Akavihesabu pia, akakadiria kwamba ndani ya inchi moja ya ujazo vingekuwapo 1,259,712,000.

Hapa pana jambo la kuangalia vizuri. Gamba lile lilikuwa limekufa. Hooke aliona kuta, chumba kitupu, mwenye nyumba keshahama. Kwa hiyo jina lilitokana na maganda. Ilichukua zaidi ya miaka 170 kufika kwenye wazo tunalofundishwa leo: Matthias Schleiden mwaka 1838 kwa mimea, Theodor Schwann mwaka 1839 kwa wanyama, wakasema viumbe hai vyote vimejengwa kwa vijumba hivi. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akatia mkazo kwamba kila seli hutoka kwenye seli nyingine. Kufikia hapo chumba kitupu cha Hooke kilikuwa kimegeuka kuwa kitu kinachokula, kinachokua na kinachozaa. Jina lakini halikubadilika.

Sayansi imejaa majina ya namna hii. Tunaendelea kuyatumia hata baada ya kujua kwamba aliyeyatunga aliona nusu tu ya jambo.

Chumba kinahamia kwenye umeme, simu na siasa

Twende haraka kidogo hapa.

Betri za mwanzoni mwa karne ya 19 zilitengenezwa pia kama kasha refu la mbao, ndani limegawanywa vyumba kwa sahani za metali, kila chumba kimejazwa maji ya chumvi au asidi. Chumba kimoja, "cell" moja. Ndiyo maana hadi leo kwa Kiingereza kile unachotia kwenye tochi ni "cell". Kwetu wengine bado wanasema mawe ya tochi au mawe ya redio. Mwingereza alitazama chumba cha ndani. Sisi tulishika kitu kizito mkononi tukaona jiwe. Wote tumesema kweli.

Simu nayo? Mwaka 1947 mhandisi Douglas Ring wa Bell Labs, Marekani, aliandika pendekezo: badala ya mtambo mmoja mkubwa kuhudumia jiji zima, gawanyeni eneo katika vipande vidogo vya pembe sita, kila kipande na mtambo wake, ili masafa yaleyale yatumike tena mbali kidogo bila kugongana. Umeona? Sega la nyuki limerudi, safari hii kwenye ramani. Kila kipande ni "cell". Kampuni ya Celtel, iliyoingia Tanzania mwaka 2001, ikaitwa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, ilibeba neno hilo kwenye jina lake. Sisi tuliokuwa tunapanda kichuguu kutafuta netiweki tulikuwa, kwa lugha ya Ring, tunatafuta kuta za chumba.

Siasa sasa. Miaka ya 1960 TANU ilipanga wanachama kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na mjumbe wake. Walioandika kwa Kiingereza wakaita "ten-house cell". Kwa Kiswahili ukawa mfumo wa nyumba kumi, kiongozi akaitwa mjumbe au balozi, na CCM hadi leo inasema shina. Angalia tofauti ya picha. Kiingereza kinaona kijumba kimoja kati ya vingi. Kiswahili kinaona mti: shina, tawi, na kuendelea juu.

Kiswahili kilichagua nini kwenye Baiolojia?

Kwenye Baiolojia tunayo maneno mawili yanayogombania kiti.

La kwanza ni seli, ambalo ni "cell" limevalishwa irabu ili likae vizuri mdomoni. Lina faida kubwa: halichanganyiki na kitu kingine. Lina hasara kubwa: kwa mtu asiyesoma sekondari halisemi chochote. Tukumbuke shule zetu za msingi za serikali zinafundisha Sayansi kwa Kiswahili, halafu sekondari tunarukia Kiingereza. Kwa hiyo watu wengi wamelisikia neno hili mara chache tu, au hawajalisikia kabisa.

La pili ni chembe, au chembe hai. Hili ni letu. Chembe ya mchele, chembe ya mchanga, chembe ya chumvi. Redioni utasikia chembechembe nyekundu za damu, chembechembe nyeupe. Picha yake si chumba, ni punje. Na kwa damu, picha hii inakaa vizuri kuliko ya Hooke. Seli nyekundu haina kuta ngumu kama za mti, wala haina kiini ikishakomaa. Ni punje laini, bapa, imebonyea katikati kama donati ambalo tundu lake halikutoboka. Zinaelea kwa mamilioni: ndani ya tone dogo la milimita moja ya ujazo, mtu mwenye afya ana takriban milioni 5.

Shida ni kwamba chembe limebebeshwa mizigo mingi. Wanafizikia wanalitumia kwa kitu kidogo chochote. Wengine wanasema chembe za urithi wakimaanisha vinasaba. Na mgonjwa akimwambia daktari "naumwa chembe ya moyo", hazungumzii moyo wala seli. Anaonyesha pale chini ya kidari, juu ya tumbo. Daktari mgeni anaweza kuandika ugonjwa wa moyo wakati mtu ana vidonda vya tumbo.

Kwa hiyo hakuna neno lisilo na gharama. Swali si lipi ni zuri, ila ni gharama ya nani na anailipa wapi.

Mundu uliingiaje kwenye damu?

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za mgonjwa wake, Walter Clement Noel, kijana kutoka Grenada aliyekuwa anasomea udaktari wa meno. Kwenye damu yake kulionekana seli nyekundu ndefu, zimepinda kama mundu. Mwaka 1922 daktari mwingine, Verne Mason, akatumia jina lililokaa hadi leo, "sickle cell anemia". "Sickle" ni mundu, ule wa kukatia mpunga na majani. Kiswahili kikaunganisha: seli na mundu, selimundu. Mtaani tunaandika tulivyosikia: sikoseli.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya seli nyekundu mna himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kwa mwenye selimundu, kiungo kimoja tu kwenye mnyororo wa protini hiyo kimebadilika. Vernon Ingram alikionyesha miaka ya 1956 na 1957. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni inashikana na wenzake na kutengeneza vijiti virefu, na vijiti vinaikunja seli. Seli laini iliyokuwa inateleza kwenye mishipa myembamba sasa ni ngumu, imepinda, inanasa. Mshipa ukiziba, mtoto anapiga kelele kwa maumivu ya mifupa. Na wakati seli ya kawaida inaishi siku 120 hivi, hizi zinakufa ndani ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu inapungua na macho yanakuwa ya njano.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika habari hii. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za Kenya. Pwani na kando ya Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo zaidi ya asilimia 20 walibeba kinasaba hiki. Kwenye nyanda za juu, chini ya asilimia 1. Akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna? Mbu. Mwaka 1954 alichapisha jibu: mtu mwenye kinasaba kimoja tu haugui selimundu, na ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hakikupotea. Lakini mtoto aliyerithi viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, anaugua, na kwake malaria ni hatari zaidi, si pungufu.

Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto kama 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, miongoni mwa idadi kubwa zaidi duniani. Muhimbili ilianza programu maalumu mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani, na mengi tunayoyajua kuhusu ugonjwa huu nchini yametoka huko.

Sasa twende Mbesa

Mbesa tunazungumza Kiswahili, lakini nyumbani kwa wengi lugha ya kwanza ni Kiyao. Na Kiyao kina neno "mundu". Maana yake ni mtu. Ni ndugu wa damu wa neno letu "mtu": mzizi mmoja wa Kibantu, kila lugha imeutamka kivyake. Ukienda Songea kwa Wangoni utakuta hivyohivyo, mundu ni mtu.

Umeona tulipofika? Kiswahili Sanifu kimetafsiri "sickle cell" kwa usahihi kabisa, seli ya mundu. Lakini neno hilohilo likishuka Mbesa linaweza kusikika kama "seli ya mtu". Fikiria mazungumzo haya:

"Bibi, mjukuu wako ana selimundu."

"Seli ya mtu? Mtu gani huyo, mwanangu?"

Na wewe unajua Kiswahili tunachosema tukihisi kuna uchawi: hapa kuna mkono wa mtu. Kutoka seli ya mtu hadi mkono wa mtu ni hatua moja. Mtoto anaumwa mifupa, anapona, anaumwa tena, vipimo vya malaria havionyeshi kitu, na sasa hata jina la ugonjwa linataja mtu. Sisemi watu wa Mbesa hawajui mundu ni nini; wakulima hawa wanaujua kuliko mimi. Nasema mtu aliyechoka na kuogopa husikia kwanza kwa lugha aliyonyonya.

Sikoseli nayo haisaidii sana. Masikio ya Kiswahili yanakata "siko" na "seli", kana kwamba mtu anatangaza hayupo mahali fulani. Na ukisema tu upungufu wa damu, hapo familia inakwenda kutafuta cha kuongeza: juisi ya rozela, matembele, rojorojo la viazi sugari. Si vyakula vibaya. Ila tatizo la mtoto huyu si kwamba damu ni kidogo tu. Tatizo ni umbo la seli zake.

Basi tuelezeje?

Pendekezo langu ni dogo: usiache jina lifanye kazi peke yake. Taja jina, halafu toa picha.

Mwambie mzazi hivi: "Damu ya mtoto ina punje ndogo sana, laini, mviringo. Zinateleza kwenye mishipa kama choroko kwenye bomba. Za mtoto huyu zinapinda, zinakuwa kama mundu, huu wa kukatia mpunga, si mundu wa Kiyao. Zikipinda zinanasa, ndipo anaumia. Zinakufa mapema, ndipo damu inapungua." Chini ya dakika moja, na hujatumia neno moja la hadubini.

Halafu sehemu ya pili, ambayo ndiyo inavunja ndoa nyingi: "Ametoa wapi? Kwenu wote wawili." Si upande wa mama, si upande wa baba. Mtoto hawezi kupata ugonjwa huu wenyewe bila kupokea kinasaba cha himoglobini isiyo ya kawaida kutoka kila upande. Wazazi wawili wanaobeba kinasaba kimoja kimoja wakipata mimba, kuna nafasi moja kati ya nne mtoto augue, mbili kati ya nne abebe tu kama wao, na moja kati ya nne asiwe nacho kabisa. Na hesabu hiyo inaanza upya kila mimba. Mtu asikudanganye kwamba kwa kuwa wa kwanza anaumwa basi watatu wanaofuata wako salama.

Mwisho, mambo ya kufanya, maana picha bila hatua ni hadithi. Kipimo cha damu kinaonyesha ugonjwa tangu mtoto akiwa mchanga. Penisilini ya kila siku utotoni, chanjo, kinga ya malaria, asidi foliki, maji ya kunywa ya kutosha, na dawa ya haidroksiurea kwa ushauri wa daktari vimebadilisha maisha ya wengi. Na homa kwa mtoto mwenye selimundu si ya kusubiri kesho. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Tumetoka kwenye stoo ya nafaka ya Mrumi, tukapita kwenye kizibo cha Hooke, tukafika kwenye mshipa wa mtoto wa Tunduru. Kila aliyepokea neno hili alitazama kitu chake, akachagua picha. Sisi tunaosoma sayansi kwa Kiingereza na kurudi nyumbani kuzungumza lugha mbili tatu, kazi hiyo ya kuchagua picha ni yetu. Tusipoifanya, msikilizaji ataichagua mwenyewe, na anaweza kuchagua mkono wa mtu.

Kwenu je, msomaji? Selimundu mnaiitaje kwa lugha ya nyumbani? Na je, kuna neno la kitabibu ambalo kwa Kiswahili liko sawa lakini kwa Kimakua, Kimatengo au Kihaya linageuka kuwa kitu kingine kabisa? Tuandikie, tukusanye. Inaweza kuwa orodha yenye faida kuliko tasnifu zetu.